Namna ya kupunguza gharama za chakula katika nyumba ya watu wachache

Nyumba ya mtu mmoja, wawili au watatu ina tabu yake. Ushauri unaosikika kila mahali ni ule ule: nunua kwa jumla, chukua mfuko mkubwa, subiri ofa. Kwa familia ya watu wanane ushauri huo unafaa, maana kinachoingia jikoni huisha kabla hakijaharibika. Kwa watu wawili, mfuko mkubwa wa viazi huanza kuchipua ukiwa bado nusu, na fungu la mboga hunyaukia ndani ya friji. Ukisema ununue kidogo kidogo, unalipa zaidi kwa kila kilo. Unabanwa huku na huku.

Pa kuanzia ni kubadilisha kipimo. Usiishie kuuliza kilo moja ni bei gani. Jiulize kila kilo itakayoliwa itakugharimu kiasi gani. Chakula ulichokinunua kwa bei ya chini kikaishia kwenye pipa la taka ni chakula cha bei ya juu kuliko vyote. Na kinachoishia huko si kidogo. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) inakadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Ni wastani wa kilo 79 kwa mtu kwa mwaka. Katika hesabu hiyo yamo pia maganda na mifupa, lakini hata hivyo, kwa nyumba ya watu wawili ni kama kilo tatu kila wiki. Basi kabla hujafikiria kula kidogo, fikiria kutupa kidogo.

Hatua ya 1: Jua pesa inakwenda wapi

Kwa mwezi mmoja usibadilishe chochote. Nunua na upike kama kawaida yako, ila andika. Tunza risiti, na pale ambapo hupewi risiti andika kwenye daftari au kwenye simu: kitu, kiasi, bei. Sabuni, dawa ya meno na karatasi za chooni ziandike mbali, kwa sababu zikichanganywa na chakula hutajua kilichopanda ni nini. Chakula unachokula nje ya nyumba nacho kiwe na safu yake. Watu wengi hupunguza manunuzi ya jikoni huku pesa ile ile ikihamia kwenye chakula cha nje, kisha wanashangaa mbona hakibaki kitu.

Karatasi ya pili ibandike kwenye mlango wa friji au wa kabati, hii ni ya vinavyotupwa. Andika kilichotupwa, kiasi chake kwa kukadiria tu, na sababu. Sababu ndiyo yenye kazi, maana kila moja ina dawa yake. Kilichooza kibichi kinadai ununue kidogo au uhifadhi vizuri zaidi. Kilichopikwa kikazidi kinadai kikombe cha kupimia. Kilichosahaulika nyuma ya friji kinadai upangaji wa rafu. Kilichonunuliwa kwa sababu kilikuwa kwenye ofa, kisha hakuna aliyekitaka, kinadai uache kukinunua, basi.

Mwezi ukiisha, jumlisha kila kitu kisha panga kuanzia kilichokula pesa nyingi. Vitu vitano au sita vya juu ndivyo vya kushughulikia. Mara nyingi utavikuta humo nyama, maziwa, vinywaji, vitafunwa na mafuta ya kupikia. Usijisumbue na chumvi wala majani ya chai. Hata ukipata punguzo la nusu bei, hutaliona kwenye jumla.

Hatua ya 2: Kula kwanza kilichopo

Toa kila kilichomo kabatini, kwenye friji na kwenye friza, ukiweke mezani na ukiorodheshe. Halafu tenga wiki moja ya kupika kutokana na orodha hiyo, ukinunua tu vile vidogo vya kukamilishia, kama vitunguu, nyanya na maziwa. Nyumba nyingi zina dengu nusu pakiti, tambi za mwezi juzi na samaki aliyeganda ambaye hakuna anayekumbuka alinunuliwa lini. Wiki hiyo moja inashusha bili papo hapo, na inakuonyesha vitu unavyovinunua kwa mazoea huku hupiki.

Hatua ya 3: Pika mara nne, kula siku saba

Mpango wa milo saba tofauti kwa wiki unafaa kwa familia kubwa. Kwa watu wawili unaleta viungo vingi vilivyofunguliwa, kila kimoja kikitumika nusu. Panga mapishi makubwa manne. Mawili kati yake yatoe milo miwili kila moja, mawili mengine yatoshe mara moja kila moja, hapo ni siku sita. Siku ya saba ni ya kumaliza mabaki, au ya kile kilichotokea bila kupangwa: mgeni, uchovu, kuchelewa kurudi. Mpango usio na nafasi ya namna hiyo huvunjika mapema, na ukishavunjika ndipo unapoagiza chakula cha nje huku mboga zikinyauka.

Ufundi wenyewe ni kupika kitu kimoja kwa wingi kikiwa bado hakijapewa ladha ya mwisho, ili kiweze kugeuzwa. Nitaeleza maharage kwa kirefu, maana yanaonyesha njia nzima.

Chukua nusu kilo ya maharage makavu. Yachague, yaoshe, yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi, kwa kuwa yanavimba mpaka yanazidi mara mbili ya ukubwa wake. Asubuhi mwaga maji yale, weka mengine, yachemshe mpaka yalainike kiasi kwamba ukibonyeza moja kwa vidole linapondeka bila kubaki na kiini kigumu. Yakiwa maharage mekundu, hakikisha yanatokota kwa nguvu, si kuchemka polepole tu, kwa angalau dakika 10, na nusu saa ni bora zaidi. Yana sumu ya asili inayovunjwa na joto kali, na moto mdogo wa muda mrefu peke yake hauivunji. Usitie vitunguu, nyanya wala viungo bado. Nusu kilo hiyo itakupa zaidi ya kilo moja ya maharage yaliyoiva. Kopo la kawaida la gramu 400, ukishamwaga maji yake, linabaki na maharage kama gramu 240 hivi. Kwa hiyo umejipikia sawa na makopo manne au matano. Linganisha bei mwenyewe hapo ulipo.

Sasa gawa. Sehemu moja iungwe leo kwa vitunguu na nyanya, iliwe pamoja na wali. Sehemu ya pili iweke kwenye friji, kesho kutwa uiponde na kuipaka kwenye mkate, au uichanganye na nyama ya kusaga ili nyama ya mlo mmoja itoshe miwili. Zinazobaki tia kwenye mifuko pamoja na mchuzi wake kidogo, ilaze bapa ndani ya friza, uandike tarehe. Mfuko uliolazwa bapa unayeyuka kwa dakika chache ukiutia kwenye maji, na unaweza kuvunja kipande unachokitaka. Ukigandisha bonge zima, utalazimika kuyeyusha lote ndipo upate kikombe kimoja.

Kuku mzima anafuata njia hiyo hiyo. Mara nyingi kilo ya kuku mzima ni nafuu kuliko kilo ya vipande. Umkate vipande siku ile ile unapomnunua: mapaja kwa mlo wa kwanza, kidari kikatwe vipande vidogo kwa mlo wa pili na wa tatu pamoja na mboga nyingi, mifupa na mgongo viingie friza kusubiri siku ya supu. Usimgandishe mzima kama mko wawili. Siku utakapomtoa itakubidi mmpike wote, na mtamla mpaka mmchoke.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kutia sufuriani

Chakula kinachozidi mara kwa mara ni wali na tambi, kwa sababu vikiwa vikavu vinaonekana vichache. Kwa mtu mzima mmoja, gramu 75 hadi 90 za mchele mkavu zinatosha kwa mlo wenye mboga na kitoweo. Tambi ni gramu 75 hadi 100. Kikombe kimoja cha mchele kinatoa takriban vikombe vitatu vya wali. Huna haja ya mizani kila siku. Tafuta kikombe kimoja, pima mara moja, weka alama, na kikombe hicho kikae ndani ya chombo cha mchele daima. Mwenye kufanya kazi ya nguvu au kijana anayekua ataongezewa. Muhimu ni kwamba unajua unaongeza kiasi gani.

Hatua ya 5: Gawa orodha sehemu mbili

Hapa ndipo ule ubano wa mfuko mkubwa na mfuko mdogo unapolegea. Sehemu ya kwanza ni vitu vikavu vya kukaa: mchele, nafaka, kunde za aina zote, chumvi, sukari, sabuni. Hivi nunua kwa wingi mara moja kwa mwezi au hata kwa miezi miwili. Sehemu ya pili ni vya kuoza: mboga za majani, nyanya, matunda, maziwa, mkate, nyama mbichi. Hivi nunua kwa kiasi cha siku tatu au nne tu, hata kama bei ya kilo ni ya juu kidogo.

Kuna hesabu rahisi ya kuamua. Asilimia ya nafuu unayoipata kwenye mfuko mkubwa ndiyo asilimia unayoweza kuitupa bila kupata hasara. Tuseme mfuko wa kilo 2 una nafuu ya asilimia 20 kwa kila kilo kuliko wa kilo 1. Ukitupa gramu 400 kati ya zile kilo 2, umerudi pale pale, hujapata faida yoyote. Ukitupa nusu kilo, umelipa zaidi kuliko yule aliyenunua pakiti ndogo akaila yote. Kwa mchele ambao hautaharibika, asilimia 20 yote ni yako. Kwa spinachi jiulize vizuri, na karatasi ya vinavyotupwa itakujibu.

Ofa ya kununua viwili upewe cha tatu bure ina hesabu hiyo hiyo. Nafuu yake ni theluthi moja. Cha tatu kikioza, hukupata kitu. Kikioza cha tatu pamoja na nusu ya cha pili, umelipia ofa.

Kama una jirani, ndugu au mfanyakazi mwenzako ambaye naye ana nyumba ndogo, gawaneni mfuko mkubwa. Kubalianeni kabla ya kununua, gaweni kwa mizani siku ile ile, na kila mmoja alipe papo hapo. Deni la nusu mfuko wa viazi limewahi kuharibu urafiki mwema.

Kwenye orodha yenyewe usiandike jina la kitu tu. Andika na kiasi: karoti 4, nyanya 6, maziwa lita 1. Neno "karoti" peke yake dukani linageuka kuwa mfuko wa kilo mbili.

Hatua ya 6: Dukani na sokoni

Linganisha bei kwa kilo au kwa lita, si bei ya pakiti. Kama duka haliandiki, chukua bei, gawanya kwa gramu, zidisha kwa 1,000. Simu yako inatosha. Fanya hivyo kwa vile vitu vitano au sita vya juu, na uandike matokeo kwenye daftari dogo la bei. Baada ya muda utakuwa unajua bei ya kawaida ya kila kimoja, na neno "punguzo" halitakubabaisha, kwa sababu utaona mara moja kama ni punguzo la kweli au bei ilipandishwa kwanza ndipo ikashushwa.

Angalia uzito ulioandikwa kwenye pakiti kila mara. Watengenezaji wengi bei ya malighafi ikipanda huacha bei ya pakiti ilivyo, wakapunguza kilichomo ndani. Pakiti ina sura ile ile, rangi ile ile, lakini ya gramu 500 imekuwa ya 450. Hiyo ni bei kupanda kwa karibu asilimia 11 bila tangazo lolote.

Kilichokatwa, kilichomenywa, kilichokunwa na kilichokwisha kuungwa kina gharama ya kazi ndani yake, na kinaharibika haraka zaidi kuliko kizima. Jibini la kipande, karoti nzima na viungo vizima vya kusaga mwenyewe vinakaa zaidi. Hata hivyo sitamlaumu mtu anayeishi peke yake akinunua nusu ya kabichi iliyokatwa kwa bei ya juu kidogo, akaila yote. Kipimo ni kile kile: kilicholiwa.

Bidhaa zinazokaribia tarehe ya mwisho huuzwa kwa bei ya chini sana. Zinunue kwa sharti moja, kwamba unajua zinaliwa usiku wa leo au zinaingia friza mara ufikapo nyumbani. Bidhaa zenye jina la duka lenyewe zijaribu moja moja, ukianza na zile zisizo na tofauti kubwa: sukari, chumvi, unga, kunde, nyanya za kopo. Chache zitakukatisha tamaa, na hizo utarudi kwenye chapa uliyoizoea.

Vinywaji vitazame peke yake. Soda, juisi za boksi na maji ya chupa mara nyingi hula pesa nyingi kuliko mboga zote za wiki, na havishibishi. Pale maji ya bomba yanaponyweka, au ukichemsha na kuyapoza nyumbani, unaokoa bila kupoteza tonge hata moja.

Nenda dukani mara chache. Kila safari ya kufuata kitu kimoja inarudi na vitatu. Mkate ukiisha kabla ya siku ya kununua, pika kingine.

Hatua ya 7: Badilisha aina, usipunguze lishe

Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kipato cha nyumba kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula. Wanaosoma miongozo kama huu mara nyingi ndio hao hao ambao chakula kinawabana kuliko wote. Ndiyo maana nasisitiza: kubana matumizi kusigeuke kuwa kulala njaa.

Protini ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuokoa. Usiondoe nyama; ipunguze nusu na nafasi yake ijazwe na dengu, maharage au mbaazi. Dengu nyekundu zilizokobolewa hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa muda wa dakika 15 hadi 20, na zikipikwa pamoja na nyama ya kusaga zinapotelea ndani ya mchuzi. Mayai ni mlo kamili wa jioni kwa mtu mmoja pamoja na mboga, na hayahitaji kupangwa.

Matunda na mboga zifuate msimu. Zikiwa msimuni ni nyingi, ni tamu na bei iko chini. Nje ya msimu, mboga zilizogandishwa ni rafiki mkubwa wa nyumba ndogo. Hugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, lishe yake kwa jumla hailingani vibaya na mbichi, na unatoa konzi moja unayoihitaji, mfuko unarudi friza. Maziwa ya unga yanafaa kwa anayetumia kijiko kimoja kimoja kwenye chai au uji, kuliko kufungua lita nzima na kumwaga nusu.

Vitu viwili havipunguzwi. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga yachanganywe kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo; kuyaongezea maji ili yadumu kunamdhuru mtoto. Na chakula alichoagizwa mgonjwa na daktari kibaki kama kilivyoagizwa. Tafuta pa kuokoa kwingine.

Hatua ya 8: Hifadhi kama mtu anayelinda pesa

Friji iwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Kipimajoto kidogo cha friji hakina gharama kubwa, na friji iliyolegea inaharibu maziwa na nyama kila wiki bila wewe kujua kwa nini.

Mboga za majani hufa kwa maji, na pia hufa kwa kukosa maji. Ziondolee kamba ya fungu, toa majani yaliyoanza kuwa ya njano kwa sababu yanaambukiza mengine. Ukiziosha, zikaushe kabisa. Zifunike kwa kitambaa safi kikavu au karatasi ya jikoni, uziweke kwenye chombo chenye kifuniko. Kitambaa kinanyonya umande, chombo kinazuia upepo wa friji usizikaushe. Baada ya siku mbili kiguse kitambaa. Kikiwa kimelowa, kibadilishe. Mboga zilizokuwa zikiharibika siku ya pili zitafika ya tano. Kotimiri na majani mengine ya kiungo yasimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo, mashina chini. Karoti zikate majani yake mara tu ufikapo nyumbani, kwani majani hayo yanavuta maji kutoka kwenye mzizi.

Ndizi, tufaha, parachichi na nyanya zinapoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huivisha vilivyo jirani yake na kuyafanya majani kuwa ya njano. Zitenge na mboga. Gesi hiyo pia ni msaada: parachichi gumu ukilifunga kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, litaiva mapema. Likishaiva, liingie friji nalo litakusubiri siku chache.

Viazi viwekwe gizani, pakavu, penye hewa, mbali na vitunguu. Kiazi kilichogeuka kijani sehemu kubwa na kuwa kichungu kitupe, kina sumu ya solanini ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Mkate usiuweke kwenye friji, unachakaa haraka zaidi humo kuliko mezani. Ukatwe vipande, uingie friza, utoe viwili viwili. Mchele na unga vikae kwenye vyombo vinavyofunga barabara. Ukiogopa fukusi, weka mfuko mpya kwenye friza siku nne kwanza, mayai yao yatakufa. Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa ili damu yake isidondokee chakula kingine, na maziwa yasikae mlangoni, maana hapo joto hupanda na kushuka kila mlango unapofunguliwa.

Soma tarehe kwa uangalifu. Pakiti nyingi zina mojawapo ya tarehe mbili. Ile ya "tumia kabla ya" ni ya usalama, iheshimu. Ile ya "ni bora kabla ya" ni ya ubora tu: tambi, mchele, biskuti au kopo zima lisilovimba wala kutoboka linaweza kuliwa baada yake. Watu hutupa chakula kizuri kwa kuzichanganya hizi mbili. Ila pua isiwe hakimu wa nyama, samaki na chakula kilichopikwa, kwa kuwa vijidudu vinavyomfanya mtu augue si lazima vitoe harufu.

Ukungu nao una kanuni zake. Kwenye mkate, mtindi, matunda laini na mabaki ya chakula, tupa chote. Kwenye jibini gumu au karoti, kata sentimita mbili na nusu kuzunguka ukungu, kinachobaki kinaliwa. Karanga na nafaka zenye ukungu zitupwe bila kuchambua, maana sumukuvu haiondolewi na moto wa jikoni. Hapa usiokoe.

Asiye na friji ana mpango mwingine: mboga mbichi za siku moja au mbili tu, protini itoke zaidi kwenye kunde kavu na mayai, na sufuria ipikwe ya kuisha siku hiyo. Hatua ya 3 kwake inabadilika. Badala ya kupika milo miwili kwa pamoja, anaandaa mara moja vile vikavu tu, kama kusaga viungo au kuchagua kunde, na kupika kwa kipimo.

Hatua ya 9: Kiporo kiwe na rafu yake

Chakula kilichopikwa kiingie friji ndani ya saa mbili, na joto la hewa likizidi nyuzi 32, ndani ya saa moja. Sufuria kubwa haipoi haraka. Gawa kwenye vyombo vipana vifupi. Wali uangaliwe zaidi ya vyote. Mchele una mbegu za bakteria zinazostahimili kuchemshwa, na wali ukikaa mezani usiku kucha zinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kiporo cha friji kiliwe ndani ya siku tatu au nne, kipashwe mpaka kitoe mvuke kote, na kipashwe mara moja tu. Pasha kiasi cha kula.

Tenga rafu moja ya friji, ile ya usawa wa macho, iwe ya vinavyotakiwa kuliwa kwanza. Viporo, nusu kitunguu, mtindi uliofunguliwa, tufaha lililobonyea. Nyumba nzima ijue kwamba anayetafuta cha kula anaanzia hapo. Sijaona kitu kidogo kinachopunguza taka kama rafu hii, kwa sababu chakula kingi hakitupwi kwa kuchukiwa. Kinatupwa kwa kutoonekana.

Vipande vidogo visivyotosha mlo viwe na chombo chao kwenye friza: mashina ya mboga, nyanya zilizoiva kupita kiasi, vichwa vya karoti. Vikijaa, ni supu pamoja na ile mifupa ya kuku.

Hatua ya 10: Moto nao ni gharama

Funika sufuria. Loweka kunde. Sufuria ya presha inapunguza sana muda wa kupika maharage na nyama ngumu, na kwa anayelipia gesi, umeme au mkaa, inarudisha gharama yake. Ukiwasha tanuri, lipike vitu viwili kwa pamoja.

Hatua ya 11: Weka lengo, halafu rudia hesabu

Lengo la mwezi wa kwanza baada ya ule wa kuandika liwe kupunguza asilimia 10 ya jumla ile uliyoandika katika hatua ya 1. Wanaoanza kwa kukata nusu hurudi walikotoka baada ya wiki mbili wakiwa na njaa na hasira. Gawa kiasi cha mwezi kwa wiki, kitenge kwenye bahasha au kwenye akaunti ya simu, na kikiisha rudi kwenye kabati.

Mwisho wa mwezi linganisha mambo mawili: pesa uliyotumia na chakula ulichotupa. Bei zikipanda, pesa inaweza kubaki ile ile japokuwa umebana kweli, na usipotazama karatasi ya pili utadhani umeshindwa. Kilichotupwa kikiwa kimepungua, njia unayoifuata ni sahihi.

Akiba ya mwezi wa kwanza usiitumie yote. Irudishe sehemu kwenye ile orodha ya vitu vikavu: mfuko mkubwa wa mchele, kilo kadhaa za dengu. Kinachowazuia watu wengi wasinunue kwa bei ya jumla ni kukosa pesa ya kulipa kwa mkupuo, na sasa unayo. Mwezi wa pili vitu hivyo havimo kwenye orodha, akiba inaongezeka, na mwezi wa tatu unaongeza mfuko mwingine wa kitu kingine kisichooza.